BEKI ALIYEUMIA AKARUDI: Kisa cha Shomari Kapombe, kwa akina mama wenye watoto wa mpira

SEHEMU YA 1: Nilimwambia mwanangu asideke

 

Wiki hii sitaanza na chanjo wala uji wa lishe. Nataka tuongee mpira. Najua kuna wenzangu watasema muuguzi wa watu kaingiwa na nini tena. Subirini kidogo. Nikisema beki leo simaanishi dada wa kazi, namaanisha beki wa uwanjani.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka kumi na tatu. Hapa kwetu Moa mnajua wenyewe, jioni maji yakitoka, watoto wote ni mpira. Wengine peku, wengine kiatu mguu mmoja, mwenzie kakivaa cha pili. Wangu anacheza beki wa kulia. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, akarudi nyumbani anachechemea. Kifundo cha mguu kimevimba upande wa nje.

Mie nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikalala kidogo tu, nimeamka na samaki wa kupara. Nikamwangalia juu juu. Nikamwambia, "Mguu umeteguka huo, usideke. Mwanamume haliilii kifundo." Bibi yake akachukua mafuta ya nazi ya moto, akamchua. Mtoto alilia mpaka majirani wakachungulia. Sote tukasema anadeka.

Siku ya nne ndiyo nikamwona anapanda ngazi ya mlango kwa makalio. Hapo moyo ukaniruka. Nikampakia kwenye bodaboda hadi barabarani, tukapanda gari mpaka mjini Tanga, tukapiga eksirei. Mfupa una ufa, palepale karibu na sehemu laini ambayo mfupa wa mtoto unakulia.

Nilikaa kwenye benchi la kusubiria nikiwa na filamu ya eksirei mkononi, nikalia mimi badala ya mtoto. Miaka yote hii nawafundisha nyie, na wangu nimemwambia anadeka.

Alipofungwa hogo, akaniuliza: "Mama, nitacheza tena?" Sikutaka kumdanganya. Nikaanza kumtafutia mtu wa kweli, beki, aliyeumia akarudi. Nikampata Shomari Kapombe. Kila jioni nikimweka mguu juu ya mto, nikamsimulia kipande. Nami nawasimulia nyie hivyo hivyo, kipande kwa kipande.


SEHEMU YA 2: Kijana wa Morogoro

Kapombe alizaliwa 1992. Alitokea Morogoro, akachezea Polisi Morogoro, na mwaka 2011 akachukuliwa na Simba. Hakuwa na jina kubwa. Lakini kocha yeyote anayepata mchezaji wa aina ile hulala usingizi mzuri, maana ukimwambia cheza beki wa kulia anacheza, ukimwambia ingia katikati ya ulinzi anaingia, ukimpeleka kiungo anakwenda. Akina mama mtanielewa: ni kama yule mtoto nyumbani ambaye ukimtuma dukani anakwenda, ukimwachia mdogo wake anamlea, na jiko likiwaka halimshindi.

Msimu wa 2011/12 Simba ikachukua ubingwa. Kijana akaitwa Taifa Stars. Mwaka 2013 akaenda Ufaransa, klabu ya AS Cannes. Kwa wasioijua, hiyo ni klabu ambayo Zinedine Zidane na Patrick Vieira walianzia mpira wa kulipwa. Ila wakati Kapombe anakwenda, Cannes ilikuwa imeshuka, iko daraja la nne. Safari ile haikudumu. Mwaka 2014 akawa amerudi nyumbani, akajiunga na Azam pale Chamazi.

Watu walisema amerudi kwa sababu ameshindwa. Ndivyo tulivyo. Mtu akienda mbele tunapiga vigelegele, akirudi tunamhesabia hasara. Lakini angalieni kilichofuata. Mwaka 2015 Azam ilichukua Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, pale Dar es Salaam. Fainali waliifunga Gor Mahia ya Kenya mabao 2 kwa 0. Na kutoka mechi ya kwanza mpaka ya mwisho Azam haikufungwa hata bao moja. Hata moja, jamani! Msimu uliofuata Kapombe akawa anapanda na kushuka ule upande wa kulia kama mashine, anakaba na anafunga, mabao ambayo mabeki wengi hawayaoti.

Alikuwa na miaka 24. Mwili unamtii. Halafu ukaja mwaka 2016.


SEHEMU YA 3: Ugonjwa usioonekana

Sehemu hii isomeni polepole. Na kama una mdogo wako mjamzito au amejifungua juzi, mtumie.

Mwaka 2016, msimu ukielekea ukingoni, Kapombe akatoweka uwanjani. Hakuwa amevunjika, hakuwa amechanika msuli. Klabu yake ilieleza kwamba alikuwa na tatizo la damu kuganda kwenye mapafu, akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu.

Wengi wakashangaa. Damu kuganda? Kwa mwanamichezo? Mtu anayekimbia kila siku?

Ndiyo. Sasa ngoja nivae sare yangu ya kazi kidogo.

Damu yetu imeumbwa kuganda pale tunapojikata, ili isitoke yote. Hiyo ni rehema. Lakini wakati mwingine inaganda ndani ya mshipa, mara nyingi mshipa mkubwa wa ndani ya mguu, ambako hakuna kidonda. Lile donge likikatika, damu inalisukuma kupitia moyoni hadi kwenye mapafu. Huko linaziba njia. Mtu anabanwa pumzi ghafla, kifua kinachoma hasa akivuta hewa, moyo unakwenda mbio, pengine anakohoa damu. Donge likiwa kubwa, mtu anaweza kufariki palepale.

Sasa mbona nawaambia nyie? Kwa sababu kuna kundi la watu ambao miili yao kwa kipindi fulani inagandisha damu upesi kuliko kawaida. Kundi hilo ni wewe mama kijacho, na wewe uliyejifungua. Mwili unajiandaa usipoteze damu nyingi wakati wa kuzaa, kwa hiyo uwezo wa kuganda unapanda. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndiyo hatari inakuwa kubwa zaidi. Na ukijifungua kwa upasuaji, au ukiwa na uzito mkubwa, au ukilala kitandani muda mrefu bila kutembea, inaongezeka.

Kulala kitandani. Hapo ndipo penye mila zetu. Mie si mpinzani wa arobaini. Nilikaa arobaini mwenyewe, nikakandwa, nikapikiwa mchuzi wa pweza na uji wa pilipili manga, na nilishukuru. Arobaini inamlinda mzazi asirudishwe kwenye kubeba ndoo siku ya tatu. Lakini kukaa ndani si sawa na kulala. Mzazi atembee. Kutoka kitandani hadi mlangoni, uani na kurudi, mara nyingi kwa siku. Anywe maji.

Nitawapa kisa kimoja, na nimebadilisha mambo madogo asijulikane mtu. Dada mmoja alijifungua salama. Siku ya tisa mguu wake wa kushoto ukaanza kuuma nyuma ya paja, ukavimba, mguu mmoja tu. Nyumbani wakasema ni mshipa, wakamkanda kwa maji ya moto na kumchua. Siku ya kumi na moja akaamka hana pumzi. Wakasema chango limepanda kifuani. Aliyemwokoa ni shemeji yake mvuvi, asiyejua lolote la tiba, ambaye alisema tu, "Huyu mtu anakata roho, mimi siwezi kukaa hapa." Akambeba. Dada yule yuko hai, na mtoto wake ameanza kusema "mama".

Kwa hiyo chukueni hili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, USICHUE. Usikande. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na pumzi ikibana ghafla au kifua kikachoma, usisubiri asubuhi.

Turudi kwa Kapombe. Mgonjwa wa namna hii hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa kawaida anazitumia miezi mitatu au zaidi. Akiwa kwenye dawa hizo, kugongana uwanjani ni hatari, maana akiumia damu haikati upesi. Kwa hiyo fikiria kijana wa miaka 24, kwa nje mzima kabisa, misuli ipo, mbio zipo, na anaambiwa asubiri. Hakuna bandeji ya kuwaonyesha watu. Hakuna hogo. Mashabiki wanamwona anatembea, wanajiuliza mbona hachezi.

Mwanangu alipofika hapa akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anaumwa na haonekani?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Kama mimi siku zile." Sikuwa na jibu.


SEHEMU YA 4: Mwaka ambao Taifa zima liliimba, yeye akiwa pembeni

Asanteni kwa ujumbe wa jana. Nimepokea watano waliosema wana mguu uliovimba. Wawili nimewaambia waende leo hii, na wameshaenda. Alhamdulillah.

Kapombe alipona, akarudi uwanjani na Azam. Mwaka 2017 Simba wakamrudisha kwao. Na hapo hapo, balaa jingine. Akawa majeruhi, na miezi ya kwanza ya msimu ikapita bila kucheza.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Amekwisha. Klabu imenunua mgonjwa. Anakula mshahara wa bure. Anaogopa. Wapo waliosema hadharani, wapo waliosema vibarazani. Nami nitasema ukweli, hata baba watoto wangu alisema, akiwa kwenye kiti chake cha plastiki na kikombe cha kahawa. Neno letu ni lile lile: anadeka.

Akarudi kabla msimu haujaisha, na Simba ikachukua ubingwa wa 2017/18, ubingwa waliokuwa wameukosa tangu ule wa 2012 alipokuwa kijana. Mngedhani hadithi imeisha hapo. Bado.

Novemba 2018 Taifa Stars ilikuwa kambini Afrika Kusini, ikijiandaa kucheza na Lesotho kule Maseru. Ilikuwa njia ya kwenda fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON. Mazoezini, kabla hata ya mechi yenyewe, Kapombe akaumia vibaya kifundo cha mguu. Akafanyiwa upasuaji hukohuko. Msimu ukawa umemwishia.

Sasa pimeni alichokosa. Msimu ule Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikawafunga Al Ahly ya Misri pale Taifa, mji mzima haukulala. Yeye yuko pembeni, na klabu imemsajili beki wa kulia kutoka nje kuziba pengo lake. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars ikaifunga Uganda 3 kwa 0, na Tanzania ikafuzu AFCON. Mara ya mwisho ilikuwa 1980, fainali za Nigeria. Miaka 39! Hapa Moa nakumbuka watu walitoka na masufuria barabarani. Kizazi kizima cha wachezaji kiliota siku ile na kuistaafia bila kuiona. Kapombe aliiona, lakini kikosi kilichokwenda Misri hakikuwa na jina lake.

Na kuna jambo lingine ambalo watu wa mpakani kama sisi tunapaswa kulijua. Ng'ambo ya Horohoro, Kenya nao walifuzu, na tukapangwa kundi moja. Beki wao wa kati, Brian Mandela, alichanika kano za goti akiwa kambini Ufaransa, wiki chache tu kabla ya mashindano. Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Kenya ikatufunga 3 kwa 2. Mechi ya majirani, mabao matano, na mabeki wawili ambao wangeweza kuwa pale, mmoja wa kwetu mmoja wa kwao, wote hawapo uwanjani. Mandela naye hakuishia hapo. Baadaye alisajiliwa na Mamelodi Sundowns, moja ya klabu kubwa kabisa Afrika.

Hapa niwape somo fupi la kifundo, maana ndilo lililonitia aibu mie.

Mtoto akianguka mpirani na kifundo kikavimba:
Kwanza, atoke uwanjani. Asiambiwe "jikaze umalizie".
Pili, barafu au maji baridi sana. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, toa, rudia baada ya saa mbili hivi. Hapa kwetu barafu ya samaki haikosekani.
Tatu, mguu uinuliwe juu ya mto.
Nne, usichue. Usivute. Usiweke mafuta ya moto. Kama kuna mfupa uliovunjika, unausogeza.
Tano, mwambie asimame na apige hatua nne. Akishindwa, au ukigusa mfupa wenyewe kwa kidole akaruka kwa maumivu, apelekwe akapigwe eksirei. Kama mguu umepinda, usimwambie hata asimame. Funga banzi, ubao mwembamba au hata kipande cha boksi gumu, mpeleke.

Na msikilize. Mtoto anayesema "mama panauma hapa" na kuonyesha kwa kidole kimoja mahali pamoja, mara nyingi anakuambia jambo la kweli.


SEHEMU YA 5: Mwingereza asiyefanya mazoezi

Jana kuna mama kaniuliza swali zuri: je, kuna ambao hawaponi kabisa? Wapo. Nitawapa mmoja ambaye baba watoto wangu anampenda kuliko wachezaji wote, maana yeye ni Tottenham tangu ujana wake, maskini.

Anaitwa Ledley King. Alizaliwa 1980, akakulia Bow, mashariki mwa London. Beki wa kati. Alianza kuichezea Tottenham mwaka 1999 na hakuwahi kuchezea klabu nyingine mpaka anastaafu. Desemba 2000 alifunga bao dhidi ya Bradford, mechi ikiwa na sekunde kama 10 tu tangu ianze. Bao lile lilibaki la haraka kuliko yote katika Ligi Kuu ya England mpaka 2019. Beki huyo!

Lakini miguu ilimkataa. Kombe la Dunia la 2006 alilikosa kwa kuvunjika mguu. Goti lake la kushoto likawa halina gegedu tena. Gegedu ni ile nyama laini nyeupe mnayoiona kwenye kiungo cha kuku, inayozuia mfupa usisagane na mfupa. Goti lisilo na gegedu huvimba kila likitumika. Basi wakafika mahali ambapo King alikuwa hafanyi mazoezi na wenzake. Wiki nzima anaogelea na kufanya mazoezi ya ndani, siku ya mechi anaingia kucheza. Baada ya mechi goti linavimba, anaanza tena kulisubiri. Na akicheza, washambuliaji hawapiti. Mwaka 2008 alipokea Kombe la Ligi kama nahodha, baada ya kuifunga Chelsea.

Mwaka 2010 England ikampeleka Kombe la Dunia Afrika Kusini. Tarehe 12 Juni, dhidi ya Marekani, alicheza kipindi cha kwanza tu, akaumia nyonga, akatolewa. Ndiyo ikawa mara ya mwisho kuichezea nchi yake. Mechi 21 kwa jumla. Julai 2012 akastaafu, akiwa na miaka 31.

Kwa nini nawaambia habari ya Mwingereza? Kwa sababu daktari mzuri, mazoezi ya majini na pesa vyote alikuwa navyo, na bado goti halikurudi. Gegedu la mtu mzima likisagika halioti upya kama kucha. Kwa hiyo goti la mtoto wako wa miaka kumi ni mali. Wale watoto wanaochezeshwa ndondo mechi tatu kwa siku moja, wanadungwa sindano ya maumivu ili wamalizie fainali, nani atawalipia wakifika miaka thelathini? Maumivu ni mlinzi. Ukimchoma mlinzi sindano akalala, mwizi hajaondoka.

Mie nimekwisha kuona baba anakuja dirishani anaomba dawa kali ya maumivu kwa mtoto, mechi ni saa kumi. Nilimnyima. Aliondoka akinitukana. Sijuti.


SEHEMU YA 6 NA YA MWISHO: Dakika ya 89

Turudi nyumbani tumalizie.

Kifundo kilipopona Kapombe akarudi Simba. Ubingwa wa 2019/20 ukapatikana. Lakini Julai 2020, robo fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam, klabu yake ya zamani, akachezewa vibaya, akaumia goti, akatolewa. Mie nilikuwa nasikiliza redioni huku napanga kadi za kliniki, nikasema basi, sasa huyu atapumzika. Mapafu, nyonga, kifundo, goti. Mwili gani huo?

Hakupumzika. Msimu uliofuata alikuwepo tena, Simba ikafika robo fainali ya Afrika tena, na safari hii yumo. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ilipoletwa Mkwakwani, Simba na Yanga zikamaliza bila bao, Simba ikashinda kwa penalti, nilikuwa jukwaani na mwanangu, wakati ule bado miguu yake mizima. Sisi wa Tanga wengine ni Coastal Union damu damu, tuliuona ubingwa wa 1988 kwa macho au kwa masimulizi ya baba zetu, lakini siku ile sote tulikuwa wageni kwenye uwanja wetu. Mwaka 2025 Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikashindwa na Berkane ya Morocco. Mechi ya pili ilichezwa Zanzibar, mnaikumbuka.

Halafu ikaja CHAN, Agosti 2025. Mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, na wenyeji ni sisi, Kenya na Uganda. Tarehe 6 Agosti, Uwanja wa Mkapa, Tanzania na Mauritania. Bila bao. Dakika zinakwenda. Hapa kibandani kwetu watu walishaanza kunyanyuka wawahi kulala. Mwanangu alikuwa amekaa chini mbele kabisa, kinyago cha mdomo wazi.

Dakika ya 89, bao. Mfungaji: Shomari Kapombe. Beki. Miaka 33.

Tanzania ikashinda 1 kwa 0, na mwisho wa kundi ikafika robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kibanda kilipiga kelele mpaka punda wa jirani akalia. Mwanangu hakupiga kelele. Alinigeukia tu akaniangalia. Mie na yeye tulikuwa tunajua kitu ambacho wale wengine hawakijui: kwamba aliyefunga aliwahi kuambiwa asiguse mpira kwa miezi, akiwa mzima kwa macho ya watu.

Sasa nisije nikawadanganya. Si kila anayesubiri hurudi. King hakurudi. Kapombe alikuwa na klabu iliyomgharimia, ndege ya kumpeleka Afrika Kusini, madaktari wa kumfuatilia. Mtoto wa Moa ana bodaboda, na barabara, na mama. Ndiyo maana mama asikosee pale mwanzo, pale kwenye dakika tano za kwanza mtoto anapoingia mlangoni anachechemea. Hospitali iko mbali. Wewe uko karibu.

Mwanangu alitoa hogo baada ya wiki sita. Wiki nyingine kadhaa nikamfanyisha mazoezi taratibu: kusimama mguu mmoja akipiga mswaki, kunyanyuka kwa vidole, kutembea kwenye maji ya kiunoni pwani. Maji ya bahari ni bure, na yanabeba uzito. Alikuwa ananikasirikia. Wenzie wanacheza, yeye yuko majini na mama yake kama mtoto mchanga. Mwezi wa kwanza alipocheza tena, aliogopa kuingia kwenye mpira. Wa pili akaingia.

Juzi karudi ana mchubuko gotini. Nikaacha samaki, nikanawa mikono, nikakaa chini. Nikamwambia, "Nionyeshe panapouma." Akacheka. "Mama, huu ni mchubuko tu." Nikamwambia, "Sawa. Nionyeshe hivyohivyo."

Akanionyesha.

Haya wapendwa, tumefika mwisho. Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, na wale wa kliniki ya Jumanne msisahau kadi. Kama una mtoto aliyeumia na hujui ufanye nini, andika hapo chini, usione haya. Na baba mwenye nyumba asome pia ile Sehemu ya 3, maana siku ile ya mzazi kukosa pumzi, wa kumbeba ni yeye.

Usiku mwema.